Potwe Alipolala Uwanjani kwa Mzee Nzowa

Kahawa iliyolala kwenye maji ina harufu yake. Sisemi ile ya kikombe ambayo watu wa mjini wanaisifia. Hii ni harufu chachu, tamu kidogo, ya kukera kidogo, inayoingia kwenye nguo na nywele na kukataa kutoka hata ukisugua vipi. Wengi hawaipendi. Mwezi uliopita nilipita Igamba kumwona mjukuu wangu, nikaikuta imetanda njiani, nikasimama na mkoba wangu nikicheka peke yangu mpaka kijana wa pikipiki akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia nimemkumbuka samaki. Akawasha pikipiki yake akaondoka, na simlaumu. Kutoka Igamba hadi baharini ni mbali mno, na sijui nani mwingine anayenusa kahawa akamkumbuka samaki.

Ninyi wa umri wangu, mliokuwa watoto enzi za Mwingereza, mnakumbuka jinsi vijana walivyokuwa wakiondoka. Wengine walivuka mpaka kwenda kwenye migodi ya shaba, wengine walipakiwa kwenye malori kwenda mkonge Tanga. Baba mdogo Yoramu, mdogo wa mwisho wa baba yangu, alikwenda huko Tanga nikiwa bado nabebwa mgongoni. Mkonge ukamchosha mikono, akasikia kuna kazi ya minazi kisiwani Mafia, akavuka. Alirudi nikiwa nimeng'oka meno ya mbele. Aliponiona alinipigia magoti na kunisalimia "Shikamoo, mama," kwa sababu nimepewa jina la Bibi, mama yake. Tangu siku hiyo nilikuwa wake.

Sasa, waliorudi kutoka mbali walijulikana kwa walichorudi nacho. Mmoja alirudi na baiskeli, mwingine na gramafoni, mwingine na suti aliyoivaa kanisani hata jua likiwa kali. Baba mdogo alirudi na mkeka, chupa ya mafuta ya nazi, na potwe. Mafuta yaliisha, mkeka ukaliwa na mchwa, lakini potwe hakuisha. Kila aliyemwuliza habari za pwani alipewa habari za samaki huyo.

Alisimulia vizuri, hilo hata maadui wake walikubali. Alisema wavuvi wa kule walimchukua siku moja asubuhi baada ya kazi ya kukausha nazi za mbata kupungua, na mbele ya mtumbwi maji yakawa meusi, akadhani ni kivuli cha wingu. Kumbe ni mgongo. Mgongo mpana wenye madoa meupe, yamepangwa kwa safu, na kati ya safu kuna mistari, kama mtu aliyekaa akaupamba kwa subira. Wavuvi walimwambia hakuna potwe wawili wenye madoa yaliyofanana. Alisema mdomo wake haupo chini kama wa papa wengine, upo mbele kabisa ya kichwa, mpana kama mlango wa zizi, lakini jicho lake ni dogo kama la ndama. Mkia wake umesimama wima, anaupunga kulia na kushoto polepole, hana haraka na mtu. Chini ya tumbo lake wameng'ang'ania samaki wengine wanaoitwa chazo, anawabeba bure kila aendako. Baba mdogo alishuka majini akamgusa ubavuni. Ngozi ilimkwaruza kama msasa. Potwe hakugeuka hata kumtazama.

Mpaka hapo watu walimvumilia. Shida ilianza alipofika kwenye chakula. Wazee waliuliza mnyama wa namna hiyo amekula watu wangapi, naye akajibu hali watu. Hali hata samaki wakubwa. Anakula uduvi, vijikamba vidogo kama kucha ya mtoto, na mayai ya samaki, na vidudu ambavyo jicho halivioni. Meno anayo, mengi ajabu, lakini ni madogo kama punje za ulezi na hayamsaidii chochote. Hapo uwanja ulikuwa ukilipuka kwa kicheko. Sisi ni watu wa milimani. Tunamjua simba, tunamjua chatu, tunamjua mamba wa kule Ziwa Rukwa, na kwetu mdomo ulivyo ndivyo chakula kilivyo. Mtu akikwambia kuna simba anayeishi kwa kula sisimizi, utamwuliza amekunywa nini.

Wakamwita Potwe. Akipita njiani watoto waliimba jina hilo, nami niliwarushia mawe, maana nilimwamini kwa moyo wote. Ila niliyaelewa mambo kwa kipimo changu. Bahari niliidhani ni bwawa la misheni wakati wa masika, lile lililokuwa likifurika mpaka kwenye bustani ya kabichi, na kilichonisumbua ni jinsi samaki huyo anavyogeuka akifika ukingoni. Nilimwuliza baba mdogo. Alifikiri kwanza, akasema ukingo hajauona.

Kisha akampenda Sekela. Sekela alikuwa binti wa Mzee Nzowa, ng'ambo ya kijito, msichana mrefu mwenye kicheko cha chini chini, na ndiye pekee kijijini aliyekuwa akimwomba baba mdogo asimulie tena. Baba yangu akatuma mshenga. Jibu lilirudi likiwa limekunjamana. Mzee Nzowa alisema kijana ana mikono mizuri, aje alime na achume kahawa kama ilivyo desturi ya mchumba, lakini neno la ndiyo hatalitoa kwanza. Alikuwa na sababu, na mimi leo namwonea huruma kuliko nilivyomwonea siku zile. Binti yake wa kwanza alichukuliwa na kijana wa migodini aliyejaa hadithi za nyumba za vioo, na huko ng'ambo ya mpaka binti akakuta chumba cha mabati na njaa. Mzee aliapa kwamba hatampa mtu wa hadithi mtoto mwingine.

Basi baba mdogo akawa analima kwa Mzee Nzowa, na mimi namfuata nikimbebea kibuyu cha togwa. Kilichonipa moyo ni Mama Sekela. Mzee alikuwa akituangalia kwa kona ya jicho, lakini mke wake, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya, alikuja wazi wazi mpaka ulipo mtaro, akasimama mbele ya baba mdogo, akamtazama usoni na kumwuliza habari za nyumbani. Jumapili mlangoni mwa kanisa alimpa mkono. Nilirudi nyumbani nikiruka, nikamwambia Bibi kwamba Mama Sekela anampenda sana baba mdogo, leo amemshika mkono. Bibi hakujua Kiswahili, na Kinyiha chake siku hiyo kilikuwa ni mguno tu. Baba mdogo naye, kila alipopewa ule mkono, alikosa hamu ya kula. Niliona ajabu. Nikadhani anaumwa mapenzi, maana nilisikia kuwa huo nao ni ugonjwa.

Kahawa ilipoiva, mshenga alirudi na neno la mwisho. Siku ya kumenya kahawa kwa Mzee Nzowa majirani wote watakuwepo. Yoramu asimame mbele yao aseme kwamba samaki yule alimtunga. Akisema hivyo, yamekwisha, Sekela ni wake. Asiposema, asije tena hata na jembe lake.

Nyumbani kulikuwa na mashauri siku nzima. Baba alisema ni jambo dogo. Mama alisema ni jambo dogo sana. Bibi alimwambia mwanawe kwamba samaki ni samaki tu, yuko huko kwenye maji yake, hatasikia amekanwa na hatalia. Baba mdogo alikuwa anachonga mpini. "Mama," akasema, "nikisema sikumwona, hapo ndipo nitakuwa nimemdanganya yule mzee. Nami nataka kukaa naye maisha yangu yote." Bibi akaondoka akaenda kupepeta mahindi ambayo yalikuwa yameshapepetwa.

Siku yenyewe ilikuwa nzuri, jua jepesi na upepo kutoka upande wa kijiji cha Mpemba. Mashine ya kumenya ilikuwa ikizungushwa kwa zamu, buni nyekundu zikiingia juu, punje zikitoka upande huu zikiteleza kama sabuni, maganda yakitoka upande ule. Birika la kuoshea lilikuwa limejaa, na zile kahawa mbovu zinazoelea zilikuwa zikizunguka juu ya maji zikingoja kuopolewa. Ile harufu niliyowaambia ilikuwa imetujaa sote. Wanawake waliimba. Sekela alikuwa jikoni na haruhusiwi kutoka, lakini mlango haukuwa umefungwa vizuri.

Mzee Nzowa alisimamisha mashine kwa mkono. Akamwambia baba mdogo watu wako hapa, aseme.

Baba mdogo akaomba kwanza atumie uwanja. Mzee hakutegemea hilo, akakubali. Baba mdogo akachukua kijiti, akaanzia karibu na ghala, akaenda akichora ardhini, akapita mbele ya nyumba, akaipita nyumba, akafika kwenye migomba, akapinda akarudi. Kisha akatuita sisi watoto. Akatuambia tujaze maganda ya kahawa kwenye mstari wote, na jikoni tuombe majivu ya madoa. Jamani, furaha ile! Tulikimbia na maganda mekundu mikononi, tukagombania majivu, naye akitembea mgongoni mwa samaki akituonyesha: hapa doa, hapa doa, hapa mstari, hapa mianya ya mashavu. Watoto walewale waliokuwa wakiimba jina lake kwa dhihaka ndio waliojitolea kutengeneza mkia. Mimi nilipewa jicho. Niliweka buni moja mbivu, akasema ni dogo, nikaongeza majani mawili, akasema sasa ni lenyewe. Tulipomaliza, potwe alikuwa amelala uwanjani kwa Mzee Nzowa, mkubwa kuliko nyumba yake, na kuku wakitembea juu yake.

Watu walicheka, lakini kicheko hakikuwa kile cha zamani. Walimzunguka. Mzee mmoja aliuliza kama nyama yake ni tamu, akaambiwa wale wavuvi hawamvui, wanatafuta tu alipo kwa kuwa alipo ndipo dagaa walipo. Mzee Nzowa naye alitembea kutoka mdomoni hadi mkiani bila haraka. Akarudi. "Na huyu," akasema, "anaishi kwa uduvi?"

"Ndiyo, baba."

"Wewe ungesema anakula ng'ombe, ningekupa binti yangu jana."

Watu wakacheka tena. Ndipo Mama Sekela akajitokeza mbele, akasimama sawasawa mbele yake kama kawaida yake, mikono kiunoni, akamwuliza anamezaje vitu vidogo hivyo bila kunywa bahari yote. Nilifurahi. Nilijua mtu wetu amefika.

Baba mdogo aliangaza huku na huku, akachukua kikapu cha matete kilichokuwa kando ya birika, akakilaza, mdomo wa kikapu ukitazama mbele. Akakiingiza majini na kukisukuma polepole kati ya zile kahawa zinazoelea. Maji yaliingia mbele yakatoka kwenye mianya ya nyuma na pembeni. Alipokiinua, kilikuwa kinachuruzika, na ndani yake zimebaki kahawa tupu. Akasema ndivyo anavyofanya. Anafungua mdomo, anatembea, maji yanatokea kwenye mashavu, chakula kinabaki. Hatafuni na hakimbizi mtu.

Mama Sekela alikichukua kile kikapu. Aliingiza mkono, akazipitisha kahawa kati ya vidole, na uso wake ukabadilika kidogo. Wanawake wa kwetu wote, utotoni, walivua vijitoni kwa vikapu namna hiyohiyo: unakiegemeza kikapu dhidi ya mkondo, wenzako wanapiga maji kwa miguu, unainua. Hakuna aliyehitaji kumweleza zaidi. Lakini hakuwa amemaliza. Akamwuliza swali ambalo hakuna mwanamume aliyewahi kuliuliza kwa muda wote ambao hadithi ile ilizunguka kijiji chetu.

"Na mtoto wake? Mtoto wake yukoje?"

Mimi nilikuwa nimesimama ubavuni pa samaki, majivu mpaka kwenye nyusi, nikimwomba Mungu baba mdogo aseme kitu kizuri. Angeweza. Angeweza kusema mtoto ni mkubwa kama mbuzi, ana madoa machache, ananyonya ubavuni. Mimi mwenyewe nilikuwa na majibu mengi tayari.

"Sijui, mama," akasema. "Nimewauliza wavuvi waliozeeka kule, wakasema hata wao hawajamwona. Kama anazaa au anataga, hakuna anayejua. Hilo siwezi kukujibu."

Akainamisha kichwa. Akachukua kikapu mikononi mwa Mama Sekela, akarudi nacho kwenye birika, akatugeuzia mgongo, akaanza kuopoa zile zinazoelea, kama mtu aliyeamua kwamba kazi ya watu aimalize kisha aende zake. Mabega yake yalikuwa yameanguka. Mimi nilijua yamekwisha.

Mama Sekela alimgeukia mumewe. Sauti yake, ile ya kwaya, aliishusha mpaka tuliokuwa karibu tu ndio tuliosikia.

"Baba Sekela, mwongo angemzalisha mapacha huyo samaki."

Kisha akafanya jambo lililonivunja moyo. Alishika upande wa nguo yake, akaufunika uso wote, akageuka, akakimbia. Mwanamke mnene kama yule, mama wa watu, alikimbia akapita juu ya potwe, akatawanya madoa, akajikwaa kwenye mkia, akainuka, na akatokomea ndani ya migomba kama aliyemwona nyoka. Wanawake wakapiga vigelegele. Mzee Nzowa akakaa juu ya gunia. Nilisikia akisema, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa kesi nyumbani kwake, kwamba huyo akishakimbia harudi.

Nami nikaangua kilio. Niliona wanawake wale ni wabaya kuliko wote duniani, wanapiga vigelegele baba mdogo akikimbiwa kama jini. Mwanamke pekee aliyekuwa akimtazama usoni, aliyempa mkono kila Jumapili, sasa hataki hata kumwona. Bibi alinidaka, akanifuta majivu na machozi pamoja kwa kiganja kimoja, akauliza ninalilia nini. Nikamwambia. Bibi alicheka mpaka akanishikilia asianguke. Kwetu bibi mzaa mama alikuwa amefariki kabla sijazaliwa, kwa hiyo sikuwahi kumwona baba yangu akimkwepa mtu, na hakuna aliyekumbuka kunifundisha. Bibi akanifundisha palepale. Mwanamume yeyote, akasema, mama huyo anaweza kumsalimia, kumshika mkono, hata kumgombeza. Mmoja tu ndiye hawezi kumtazama, wakikutana njiani kila mmoja ataingia porini kwake. Mgeni hakimbiwi. Anayekimbiwa ni mkwe.

Siku hizi mama mkwe na mkwe wanakaa meza moja na kupigana vijembe, na sisemi ni vibaya, wangu mwenyewe ananitumia picha za vichekesho kwenye simu. Lakini sijaona bado heshima iliyonifurahisha kama mbio za yule mama.

Baba mdogo alikuwa bado ameinamia birika. Vigelegele vilimfikia kwa kuchelewa, kama mtu aliyezama. Aligeuka na kikapu kinachuruzika, akamtazama Mzee Nzowa juu ya gunia, akatazama mahali aliposimama Mama Sekela, pakiwa patupu. Hakuthubutu kumwuliza mtu mzima yeyote. Alinitazama mimi.

"Mama," akaniuliza, "amekwenda wapi?"

"Amekukimbia, baba mdogo."

"Amekimbia, au ameondoka tu?"

"Amekimbia," nikamwambia, "amejifunika uso, amekimbia sana, ameanguka!"

Kikapu kilimponyoka. Baba mdogo Yoramu akaketi palepale chini, katikati ya tumbo la potwe, akaficha uso wake mikononi, na kutoka jikoni, nyuma ya ule mlango usiofungwa vizuri, nikasikia mtu akicheka kicheko cha chini chini ambacho kilikuwa kimeshindwa kabisa kukaa chini.